Nina miaka 67, nataka kuketi darasani chuo kikuu lakini sitafuti shahada. Nianzie wapi hapa Nairobi?

OperetaMstaafu (Jumapili, saa 3 usiku)

Hamjambo wanajukwaa. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu. Akaunti hii nimefunguliwa na mjukuu wangu, lakini maneno ni yangu na ninachapa mwenyewe.

Nilizaliwa Kathiani, Machakos, mwaka 1958. Mwaka 1976 nilifanya EACE, mtihani wa kidato cha nne wa siku hizo, nikaitwa kidato cha tano. Barua ilifika siku ya soko. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Wadogo zangu wawili walikuwa wanaingia sekondari mwaka huo na ng'ombe tuliyebaki naye alikuwa mmoja. Hakuniambia hapana. Aliniuliza tu kama nimesikia kwamba shirika la posta na simu linaandika wasichana. Mwaka 1978 nikaja Nairobi, nikawa opereta wa simu.

Ninyi vijana hamkuiona kazi ile. Ukitaka kuzungumza na mtu aliye Kisumu, ulinipigia mimi kwanza. Mbele yangu palikuwa na ubao wenye matundu mengi na nyaya zenye ncha za shaba. Nachomeka waya mmoja kwako, wa pili kwenye laini ya Kisumu, namngoja opereta mwenzangu wa kule aitike, nawaunganisha, naandika saa kwenye kadi. Dakika tatu zikiisha naingia katikati na kuuliza, "Mnaendelea?" Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Sura ya mtu sikuiona kamwe. Nilikuwa na sauti tu, mamia kwa zamu moja, hata sikio likawa linafanya kazi ya jicho. Mtu hajamaliza kunitajia namba nimeshajua alikokulia. Wa Nyeri atanipa r pale ninapongoja l. Wa Siaya ataniambia "silingi". Wa Kericho nitamwomba arudie jina la anayemtafuta, maana sijajua kama linaanza kwa b au kwa p. Na sisi Wakamba tulijulikana vilevile. Wenzangu walinitambua kabla sijamaliza salamu.

Kuna swali lililonikaa kichwani miaka yote hiyo na sikuwa na wa kumuuliza. Kwa nini? Kama ni makosa, mbona watu wa mahali pamoja wanakosea kwa njia moja, kana kwamba waliketi darasa moja? Kosa la kweli lingekuwa la ovyo, huyu hivi, yule vile. Hili lilikuwa na mpango. Nilimuuliza msimamizi wetu siku moja, akaniambia laini ya Mombasa inangoja.

Baadaye watu wakaanza kupiga simu wenyewe moja kwa moja, shirika likagawanywa mwaka 1999, na sisi wa ubao tukapungua. Nilichukua kiinua mgongo, nikafungua duka la nafaka mtaa wa Umoja. Watoto watatu wamesoma kwa duka hilo. Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita. Mwaka jana nilimwachia duka mkaza mwanangu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaamka asubuhi na hakuna mtu anayeningoja.

Sasa sikilizeni jambo lililonitokea mwezi wa Machi. Nilimpelekea mjukuu wangu blanketi Kahawa, anasomea ualimu Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mvua ikanyesha ile ya kuziba macho, naye alikuwa na kipindi. Akanivuta mkono: "Susu, ingia tu, ukae nyuma." Nikaingia na blanketi langu. Mwalimu alikuwa kijana, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Alichora kinywa ubaoni, kimepasuliwa ubavu kama kichwa cha mbuzi buchani: ulimi, meno, kaakaa, koromeo. Akasema p na b zinatoka mahali pamoja, midomoni, na kinachozitenga kiko kooni. Akawaambia wanafunzi waweke kidole shingoni waseme "pa", kisha waseme "ba".

Nami nikaweka kidole chini ya kitambaa. "Pa", kimya; "ba", koo linatetemeka. Nilisikia. Yule mtu wa Kericho wa mwaka 1983, ambaye nilimrudisha jina mara tatu hadi akakasirika, nilimwelewa hapo nyuma ya darasa, miaka arobaini na zaidi baadaye. Nilitokwa na machozi na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika blanketi na shingo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuuliza katika chuo kikuu kimoja mjini, sitakitaja. Kijana wa kaunta aliuliza cheti, nikampa cha EACE. Akauliza nataka shahada nifanyie kazi gani. Nikamwambia sitaki kazi wala shahada, nataka somo la sauti za lugha, isimu. Akaikunja fomu kwa heshima kabisa, akaniambia, "Mama, siku nyingine uje na mtoto wako tumweleze." Nilishuka zile ngazi polepole. Nimesomesha watoto watatu, halafu naambiwa nije na mtoto aelezwe yangu.

Nilipofika nyumbani nilifungua Katiba. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na haki ya kujiendeleza. Kifungu cha 260 kinasema mzee ni mtu aliyezidi miaka 60. Kwa hiyo hapo natajwa mimi.

Naomba kuuliza basi. Je, iko namna ya mtu wa umri wangu kuketi katika madarasa ya chuo kikuu bila kufanya mtihani wala kuchukua shahada? Kama hakuna njia ila shahada, cheti cha 1976 kinanifikisha wapi? Na kuna mwenzangu yeyote humu aliyerudi darasani uzeeni aniambie ukweli, hasa wa magoti na macho? Pensheni yangu si kubwa lakini ipo.

Kijana_wa_Zimmerman (Jumapili, saa 4 usiku)

Habari ya jioni mama. Pole kwa uliyotendewa kaunta, hiyo haikuwa sawa.

Mimi naogopa upande wa pesa peke yake, nawe usinichukulie vibaya. Baba yangu alistaafu ualimu akiwa na miaka 60, akachukua mkupuo wote akajiandikisha shahada ya uzamili. Karo aliyoambiwa siku ya kwanza ilikuwa nusu ya habari. Kulikuwa na ada ya usajili kila muhula, ya kitambulisho, ya maktaba, ya mtihani, ya kusimamiwa tasnifu, na ya mahafali. Mkupuo uliisha tasnifu ikiwa sura ya pili. Tulimchangia sisi watoto, akamaliza, na siku aliyovaa joho sijapata kumwona na furaha kama ile. Sijutii hata shilingi. Lakini kuna miezi alikuwa hali vizuri na hatukujua.

Kabla hujatia sahihi popote, dai orodha ya ada zote hadi mwisho, kwa maandishi, na uifikirie ukiwa nyumbani. Kaunta si mahali pa kuamulia.

Mwalimu_wa_Sauti (Jumatatu, saa 12 asubuhi)

Mama, nimesoma habari yako mara mbili na chai imepoa. Nimefundisha isimu kwa muda mrefu, sasa nimestaafu. Katika miaka hiyo yote sijapata mwanafunzi aliyefika darasani akiwa tayari amesikiliza lafudhi za nchi nzima kwa miaka ishirini. Sisi tuliwapa wanafunzi kinasa sauti tukawatuma kijijini wiki mbili, tukaita huo utafiti.

Nianze na cheti chako, nikimalize haraka. Kwa shahada, vyuo vyetu hutaka wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa sasa wa kidato cha nne, au kufaulu masomo makuu mawili katika KACE, ule mtihani wa kidato cha sita ambao hukupata nafasi ya kuufikia, au stashahada inayotambulika. Kwa EACE peke yake utaelekezwa kupanda ngazi: cheti, stashahada, ndipo shahada. Inawezekana, ila ni miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ingekwenda kwenye kozi ambazo hukuzitaka. Kipo pia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023, makao yake Konza. Kinafundisha kwa mtandao, kwa hiyo magoti yanapona. Lakini nacho ni kwa wanaotafuta sifa rasmi, na wewe umesema wazi kwamba hilo silo.

Kuketi bila kufanya mtihani hakuombwi kaunta. Kaunta kazi yake ni fomu, na wewe huna fomu. Mwandikie mkuu wa idara barua ya ukurasa mmoja, uipeleke mwenyewe hadi mlangoni kwake. Taja kozi moja tu, siku na saa, sema hutaki alama wala cheti, na ueleze habari ya ubao wa simu kama ulivyoieleza hapa. Anaweza kukataa. Nilipokuwa kazini nilipata barua za namna hiyo mbili tu maishani, na wote wawili niliwaruhusu, kwa sababu darasa lenye mtu aliyekuja kwa hamu yake tu hubadilika. Vijana huona aibu kusinzia.

Na fuatilia mihadhara ya wazi. Ukumbi wa Taifa pale Chuo Kikuu cha Nairobi umekuwa ukipokea mihadhara ya umma tangu zamani, na hapo mlangoni hutaulizwa cheti.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Unachokiomba kina jina, na si ndoto. Mwaka 1973, Toulouse, Ufaransa, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Pierre Vellas alifungulia wastaafu milango ya chuo. Kikaitwa Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Umri wa kwanza ni wa kukua na kusoma, wa pili ni wa kazi na kulea, wa tatu ni huo wako. Wafaransa waliweka walimu wa chuo mbele na wazee wakaketi kusikiliza. Wazo hilo lilipofika Uingereza, mwaka 1982 likageuzwa. Waingereza walisema wastaafu wenyewe ndio chuo: miongoni mwao wamo mainjinia, wauguzi, madereva wa garimoshi, mafundi saa. Basi wakafundishana, wiki hii mimi nakufundisha, wiki ijayo unanifundisha wewe, kwenye sebule na kumbi za mitaa. Hakuna mtihani wala cheti, hakuna anayeulizwa aliishia darasa la ngapi. Leo kule vipo vikundi zaidi ya 1,000.

Sisi tuna chama cha kila kitu: cha kuzika, cha kununua ploti, cha kuzungushiana pesa. Sioni kwa nini kusiwe na chama cha kusoma.

Sasa nakupa kazi, kwa kuwa darasa lako lisingoje barua ijibiwe. Ukipanda matatu wiki hii soma vibao na usikilize makondakta. Kundi la kwanza: Kinoo, Kiambu, Kangemi, Karura, Karatina. Kundi la pili: Gitaru, Githurai, Githunguri, Gachie, Gatundu. Ni majina ya Wakikuyu, na mwanzoni mwake kuna kiambishi, kipande kinachotangulia neno, ki- au ka-. Mbona kundi la kwanza lina k na la pili lina g? Usitafute jibu kwenye simu. Tumia sikio lako na kile kidole cha shingoni.

OperetaMstaafu (Jumatatu, saa 2 asubuhi)

Mwalimu, nashukuru hadi nimekosa neno. Nimeandika majina yote kumi kwenye daftari. Mwanangu wa Zimmerman, nawe nimekusikia. Mwambie baba yako hongera kutoka kwangu.

Mlezi_Diaspora (Jumatatu, saa 6 mchana)

Mama, nakuandikia kutoka Marekani. Huku ni alfajiri, natoka zamu.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Kuna mzee mmoja wa miaka 81 ambaye kila Jumanne nampeleka darasani, na nimempeleka miaka mitatu sasa. Darasa hilo ni la chuo kikuu. Hapa programu hizi zinajulikana kwa jina la Osher, kwa sababu zinasaidiwa na wakfu wa mfanyabiashara Bernard Osher. Ya kwanza kusaidiwa ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Southern Maine, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa ziko zaidi ya 120, kila jimbo lina angalau moja. Ni kwa watu waliofikisha miaka 50. Unalipa uanachama na ada ndogo ya kozi, kozi inakwenda wiki chache tu, sita au nane, halafu unachagua nyingine. Mtihani hakuna, alama hakuna.

Mimi ningekaa kwenye gari nikingoja. Siku ya kwanza nilikaa. Siku ya pili mwalimu alitoka akaniuliza kwa nini naganda kwenye baridi na kiti kipo. Tangu hapo naingia. Nimesoma nyota, nimesoma historia ya reli, nimesoma namna majaji wanavyoandika hukumu, na aliyefundisha hiyo alikuwa mwenyewe jaji mstaafu. Yule mzee wangu alikuwa fundi wa meli. Nyumbani ananiuliza kitu kimoja mara nne, dawa anasahau, jina langu siku nyingine linampotea. Lakini ukimweka kwenye lile darasa anainua mkono, anauliza swali lenye miguu, na watu wanageuka kumtazama. Sisemi somo linatibu. Nasema kwa saa moja na nusu kila Jumanne hakuna anayezungumza naye kama mgonjwa.

Mama yangu yuko Kawangware, ana miaka 70. Nikimpigia simu tunaongea presha, dawa, na nani amekufa. Nimesoma habari yako nikamuuliza jana, "Mama, ungetaka kujua nini ambacho hujawahi kujua?" Alinyamaza nikadhani laini imekatika. Halafu akasema anataka kujua kwa nini mwezi mwingine huonekana mchana. Nilikuwa sijui kwamba mama yangu anautazama mwezi.

Mkianzisha chochote hapo Nairobi, naomba mniambie nimwandikishe.

Nilirudi_na_58 (Jumatatu, saa 1 usiku)

Dada, umeuliza magoti na macho, na wote wamekwepa. Nakujibu mimi.

Nilifanya stashahada ya maendeleo ya jamii nikiwa na miaka 58, masomo ya jioni, katikati ya mji. Lifti ilikuwa haifanyi kazi muhula mzima wa kwanza na darasa liko ghorofa ya nne. Nilijifunza kufika dakika arobaini kabla, napanda ghorofa moja, napumzika, naangalia barabara dirishani, napanda nyingine. Uliza ghorofa kabla ya kuuliza karo. Uliza na choo kiko wapi.

Macho: pima kabla ya kuanza, na utengeneze miwani miwili, wa kusomea na wa kuona ubao. Mimi nilijaribu kubana matumizi nikatumia mmoja, nikawa naandika tarakimu ambazo hazikuwepo. Keti mbele, upande wa mlango. Kurekodi kwa simu omba ruhusa, wengi wanakubali.

Kinachochosha zaidi ya ngazi ni nauli ya usiku. Kipindi kikiisha saa mbili, na mvua iwepo, nauli ya kwenda Buruburu ilikuwa inapanda maradufu na unasimama stejini na begi. Tulikuwa wanne wa kuelekea Eastlands, tukakubaliana hakuna anayeondoka peke yake. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye sasa ananiita mathe na huja Krismasi.

Kuhusu vijana: usiogope. Wiki mbili za kwanza watakuita "madam" wakidhani wewe ndiwe mwalimu. Baadaye watakuweka kwenye kundi la WhatsApp, jumbe mia mbili kwa siku, na nusu yake ni kazi ya kikundi. Ukikwama sema umekwama. Mimi nilinyamaza muhula mzima kwa kuona haya kwamba sijui kupanga kazi kwenye kompyuta, halafu msichana mmoja akanionyesha kwa dakika kumi.

Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 na miaka 84, akavaa kaptura na soksi kama wenzake, kwa sababu alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata akazungumza Umoja wa Mataifa, New York. Watu humkumbuka kwa kaptura. Mimi humkumbuka kwa sababu alijua hasa anataka kusoma nini, kama wewe.

OperetaMstaafu (Jumatano, saa 2 usiku)

Mwalimu, nimepata. Nadhani nimepata. Naeleza yote nilivyopita ili uone kama kuna mahali nilipodanganyika.

Jana nilikwenda mjini, nikapanda gari la kwenda Kikuyu bila safari yoyote. Nilimwambia kondakta nataka kukaa mbele nisome vibao, akaniweka karibu na dereva. Kangemi. Kinoo. Gitaru. Kwanza nilifikiri ni irabu inayofuata. Lakini Kinoo ina i na Gitaru ina i, kwa hiyo nikafuta. Kisha nikafikiri labda ni jina refu na jina fupi. Karatina ni refu na Gachie ni fupi, nikafuta tena. Nikafikiri labda ni majina ya kale na mapya, lakini hilo lisingesikika sikioni, nawe uliniambia nitumie sikio.

Nilishuka Gitaru, nikanunua hindi la kuchoma, nikakaa kwenye benchi la mwenye kibanda. Nikaandika konsonanti ya kwanza inayokuja baada ya kile kiambishi peke yake. Kundi la kwanza: n, mb, ng', r, r. Kundi la pili: t, th, th, ch, t. Nikaweka kidole shingoni. Nnn, inatetemeka. Mmmb, inatetemeka. Rrr, inatetemeka. T, hakuna kitu. Th yao ile wasemavyo Githurai, nikamwomba mwenye kibanda aitamke mara tatu, naye hakuniuliza kwa nini. Sijui, hiyo ilinipa shida kidogo, nitakuuliza. Ch, kimya.

Kwa hiyo: sauti inayofuata ikiwa na mtetemo, k inabaki k. Sauti inayofuata ikiwa kimya, k haikubali kukaa karibu na kimya mwenzake, inageuka g.

Kisha nikaona kibao cha Kikuyu na moyo ukashuka, maana hapo kuna k na k nyingine imefuata. Nikamuuliza mwenye kibanda kwao wanaitaje. Akasema, "Sisi tunasema Gĩkũyũ. Kikuyu mnasema ninyi." Nilimlipa hindi la pili ambalo sikulila.

Na si hayo tu. Usiku nimelala nikawaza kwetu. Sisi tunasema Kitui. Tunasema Kathiani, nilikozaliwa. T na th zimefuata na k yetu haijasogea. Wao wana Gatanga, sisi tuna Katangi. Tumepakana, tunaelewana maneno mengi, mbuzi wetu ni mbuzi wao, lakini k yao inakimbia na yetu imekaa. Mbona?

Mwalimu_wa_Sauti (Jumatano, saa 4 usiku)

Mama, hujadanganyika popote. Ulichokiandika kwenye benchi la mahindi kinaitwa Sheria ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari aliyeigundua katika Kinyamwezi, kule Tanzania ya leo, na mwalimu wake Carl Meinhof akaipa jina hilo mwaka 1903. Sauti zenye mtetemo tunaziita ghuna, zisizo nao sighuna. Sighuna mbili zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza inageuka ghuna. Ndiyo maana Mkikuyu husema kũruta, kufundisha, lakini husema gũthoma, kusoma. Kiambishi ni kilekile cha ku- yetu. Na ile g yao isikilize tena: ni laini, iko karibu na gh ya Kiswahili kuliko g ya "gari".

Th kukupa shida ni haki yako. Wengi huitamka kwa namna ambayo si kimya kamili siku hizi, nasi tumebishana juu yake mikutanoni. Wewe umeisikia kwa mwuza mahindi.

Kuhusu Katangi na Gatanga, sikujibu hapa. Niko Maktaba ya Kaloleni Jumamosi hii saa nne asubuhi. Kutoka Umoja si mbali, na hakuna ngazi za kukusumbua, nimeshauliza. Njoo na daftari, na orodha ya majina ya vijiji vya Machakos na Kitui unavyovikumbuka, vingi kadiri uwezavyo. Nami nitakuja na ya Murang'a. Halafu nataka unifundishe ule ubao: kila mji ulisikikaje mwaka 1983.

Nilirudi_na_58 (Jumatano, saa 4 usiku)

Kaloleni saa nne. Ninaweza kuja? Isimu siijui, nitasikiliza. Wiki inayofuata naweza kuwaonyesha namna ya kupanga kazi kwenye kompyuta.

Mlezi_Diaspora (Alhamisi, saa 7 usiku)

Mama yangu anauliza gari la kutoka Kawangware hadi Kaloleni anapanda lipi. Na anauliza kama kuna anayejua habari za mwezi.

OperetaMstaafu (Alhamisi, saa 12 asubuhi)

Dada, njoo. Mwambie mama apande hadi mjini, ashuke karibu na Ambassadeur, nami nitakuwa nimesimama pale saa tatu na nusu na kitambaa cha buluu kichwani, tupande la Jogoo Road pamoja. Habari za mwezi sizijui. Tutamtafuta anayejua.

Mwalimu, nimefikisha majina 41. Nimempigia dada yangu mkubwa Kathiani, amenitajia mengine tisa.